Gololi za Mkebe: Tutazame Kabla ya Kusugua

Mazungumzo yetu na akina mama na vijana wa kikundi cha kuuza vitu vya mtumba

 

Mkebe huu wengi wenu mnaujua. Umekaa juu ya kabati ya ofisi miaka mingi. Ni padre mzee aliyetoka Ohio, Marekani, aliyetuachia aliporudi kwao. Alisema ni bano alizocheza akiwa kijana mdogo. Nyinyi mnasema bano, vitabu vinasema gololi, ni kitu kimoja. Tulipoanza kutafuta pesa za tangi la maji tukaamua tuziuze. Tukaona zimepauka, zina mikwaruzo, tukazipeleka kwa fundi wa jua kali azing'arishe kwa mashine. Zikarudi zikimeta! Tulifurahi kweli.

Halafu akaja mgeni ambaye hukusanya gololi za zamani. Akachukua lenzi, akatazama moja, akatazama ya pili, akanyamaza. Mwishowe akatuambia kwamba chache kati ya hizi zingetusaidia sana kwa lile tangi kama tungeziacha zilivyokuwa. Tukizisugua tumeondoa kile ambacho mnunuzi hulipia. Kosa ni letu sisi wa ofisi. Fundi alifanya tulichomtuma, na tunaomba mtu asimlaumu.

Zilibaki tisa ambazo zilikuwa zimenasa chini ya karatasi ya mkebe. Kwa ajili ya hizo tisa tumeketi na kusoma, na tuliyojifunza ndiyo tumewaletea leo.

Kwanza mjue zilikotoka. Zamani gololi nzuri za kioo zilitengenezwa kwa mkono huko Ujerumani, hasa Lauscha. Fundi alivuta kioo cha moto kikawa kama fimbo, akakata kipande kimoja kimoja na kukiviringisha. Pale alipokata panabaki alama, kakovu fulani, mara nyingi kanaonekana ukigeuza gololi polepole. Ukiona kovu hilo, hiyo huenda ni ya mkono, si ya mashine.

Ya mashine ilianzia mji wa Akron, Ohio. Martin Frederick Christensen alipata hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake mwaka wa 1905. Mashine yake ilikuwa na magurudumu yenye mfereji, na tone la kioo cha moto likizunguka humo linakuwa mviringo kamili. Lakini sikilizeni vizuri hapa: kioo chenyewe bado kilichotwa na mtu kwa fimbo ya chuma kutoka kwenye tanuru. Akiwa anachota anazungusha mkono. Kwa sababu hiyo katika gololi zake za rangi iliyochanganyika na nyeupe, upande mmoja mara nyingi utaona mkunjo kama tarakimu 9, na upande wa pili mkia pale kioo kilipokatwa. Mtu amekufa zaidi ya miaka mia iliyopita, na mzunguko wa mkono wa mfanyakazi wake bado unaonekana! Sisi jambo hilo lilitugusa kuliko bei.

Vita vya 1914 vikazuia bidhaa za Ujerumani, na viwanda vya Marekani vikapata nafasi. Kiwanda cha Christensen hakikufaidi sana, kilifunga mwaka wa 1917. Aliyefaidi ni Akro Agate. Hao walianza hapo hapo Akron kwa kununua gololi za Christensen na kuziuza kwa jina lao, na mmoja wa waanzilishi, Horace Hill, alikuwa amefanya kazi kwa Christensen. Mwaka wa 1914 wakahamia Clarksburg, West Virginia, kwenye gesi na mchanga mzuri wa kioo. Nao baadaye yakawapata, maana wafanyakazi wao wenyewe waliondoka wakaanzisha Master Marble mwaka wa 1930. Akro wakakimbilia mahakamani. Sijui niseme nini hapo, mtajaza wenyewe.

Sasa tutazame za Akro. Mashine zao za baadaye zilikata kioo zenyewe, na tone likateremka kati ya vyuma virefu vyenye mfereji wa kuzunguka kama wa parafujo. Gololi yao inayojulikana sana ina mstari wa rangi unaozunguka kutoka ncha moja hadi nyingine bila kukatika, kama uzi wa parafujo. Kama mstari umeishia katikati au umekutana na mwenzake kwenye mshono, fikiria kiwanda kingine. Kwa mfano Marble King wa Paden City, West Virginia, walitengeneza za mikanda ya manjano na nyeusi zenye mishono miwili, wakusanyaji huziita nyuki.

Na zile za watoto wetu, za kioo safi zenye kama majani ya rangi ndani? Hizo ni jicho la paka. Zilienea Marekani kutoka Japani katika miaka ya 1950. Akro ilikuwa imefunga 1951. Kwa hivyo mtu akikuonyesha jicho la paka akakuambia ni la 1920, mrudishie na umshukuru kwa muda wake.

Ukubwa nao hupimwa. Wamarekani hutumia sehemu za kumi na sita za inchi. Nyingi za kuchezea ni kati ya milimita 14 na 18. Pimeni kwa kifaa cha fundi, msikisie kwa macho.

Wakusanyaji wengine huchimba mahali viwanda vilipotupa gololi mbovu na vipande vya kioo. Kipande kilichotoka ardhini pale pale kiwandani ni shahidi mzuri kuliko maneno ya muuzaji. Sanduku la asili pia ni shahidi, na saa nyingine sanduku la karatasi lina bei kuliko gololi zilizomo. Lakini mtu aweza kujaza sanduku la zamani kwa gololi za juzi. Hata zile za kampuni ya Peltier ya Ottawa, Illinois, zenye sura za katuni kama Betty Boop, zimeigwa. Ukiletewa, usitazame picha tu, tazama pia kioo kilicho chini ya picha.

Tena msije mkadhani kila mkebe una utajiri. Gololi nyingi za zamani ni za kawaida, zilitengenezwa kwa mamilioni, bei yake ni ndogo.

Iliyosuguliwa hujulikana hivi: alama ya kukatwa imefutika, ngozi ya kioo imekuwa laini mno, na kwa lenzi unaona vijistari vidogo vidogo vya mashine. Iliyoachwa ina alama zake, hata ikiwa imepauka. Vumbi lioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, basi. Na ikiwa imevunjika ukingo, mwambie mnunuzi kabla hajauliza. Hizi zetu zilizosuguliwa tutaziuza pia, lakini kwa kibandiko kinachosema zimesuguliwa. Mama mmoja aliuliza kama hilo halitapunguza bei. Litapunguza, tumekubali.

Kwenye meza kuna tisa zisizoguswa na nyingine tisa kutoka kwa fundi, tumezichanganya makusudi. Lenzi ni mbili tu, kwa hivyo mkae watu wanne wanne na mpokezane. Andikeni kwenye karatasi ipi ni ipi na mmejuaje. Akina mama muanze, vijana wana macho mazuri, wanaweza kungoja.