DENI TUSILOKOPA
Maneno tuliyowaambia wanachama mkutanoni



Mwenzetu mmoja aliomba mkopo wa karo, akanyimwa. Kumbe kampuni ya simu iliendelea kumtoza kwa laini aliyokwisha kuifunga, kisha ikapeleka jina lake kwenye ofisi ya kumbukumbu za mikopo kama mtu asiyelipa. Deni halikuwa lake, lakini mtoto wake ndiye aliyekaa nyumbani.

Ndugu, tusilipe deni la uongo ili yaishe tu. Ukilipa kimya utaonekana umekubali, na doa laweza kubaki miaka. Katiba ya 2010, kifungu cha 35, yampa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari isiyo kweli inayomdhuru.

Basi tufanye hivi. Kwanza, tudai nakala ya kumbukumbu zetu. Ofisi zenye leseni ya Benki Kuu ni TransUnion, Metropol na Creditinfo. Nakala moja kwa mwaka ni bure. Pili, tuandike barua mbili, moja kwa kampuni na moja kwa ofisi hiyo, tukiambatanisha risiti na karatasi ya kufunga laini. Nakala zetu zigongwe muhuri wa kupokelewa. Tatu, wakijibu, tuangalie tena kama doa limefutwa kweli. Wakikataa, tupeleke malalamiko Benki Kuu.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Jina jema nalo ni mali. Tutunze risiti zetu, na asiyejua kuandika barua aje afisi ya chama, tuiandike pamoja.