Kapteni Brownrigg na jahazi la Pemba

Msikilizaji, mto Pangani unaozungusha mitambo ya umeme hapa Hale huishia baharini, ng'ambo ikiwa Pemba. Karne ya 19, misafara ya watumwa ilishuka hadi bandari ya Pangani. Wengi walivushwa kwenda mashamba ya karafuu. Mkataba wa Juni 1873 ulipiga marufuku usafirishaji huo baharini, lakini usafirishaji ukaendelea kwa kificho.

Tarehe 3 Desemba 1881, Kapteni Charles Brownrigg wa manowari ya Uingereza iitwayo London, iliyotia nanga Unguja, alikuwa kwenye doria karibu na Pemba kwa mashua ya mvuke, na mabaharia wachache. Akalikaribia jahazi lenye bendera ya Ufaransa. Waingereza hawakuruhusiwa kupekua chombo chenye bendera hiyo, kwa hiyo alitaka kukagua hati tu. Ndani mlikuwa na watumwa wapatao 100. Wenye jahazi wakaishambulia mashua, Brownrigg akauawa. Hapakuwa na vita vilivyotangazwa; alikuwa kazini.

Namkumbuka kwa heshima. Kinachonichoma zaidi ni wale 100. Jina la kapteni limeandikwa vitabuni. Kwao tumebakiwa na idadi, tena ya kukadiria.