Mtoto Hujifunza kwa Kujibiwa

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, Mtinko)



Nimetakiwa kueleza kazi yangu, na kutoa maoni juu ya pendekezo la kulinunulia darasa la awali vishikwambi kwa fedha za mfuko wetu. Mambo hayo mawili nitayajibu pamoja.

Nilipochagua kusomea elimu ya watoto wadogo, baadhi yenu mlioketi hapa mlinicheka. Mlisema, "Umekesha na vitabu miaka yote hiyo ili ukaimbe na watoto?" Siku ile sikuwa na jibu.

Kwa miaka mingi nimechunguza jinsi watoto wanavyotumia redio, televisheni na simu. Mimi si adui wa vyombo hivyo. Katuni za Ubongo Kids, zilizoanza kuonyeshwa mwaka 2014, zilitengenezwa hapa hapa nchini, nazo zinafundisha hesabu kwa Kiswahili. Mkoani Tanga, kati ya 2017 na 2019, mashindano ya XPRIZE yaligawa vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili kwa watoto wapatao 2,700, wengi wao wasiowahi kwenda shule. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Hayo si mafanikio madogo. Lakini ndugu zangu, nusu nyingine walibaki pale pale.

Funzo kubwa zaidi sikulipata chuoni. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kuwa mtoto aliye chini ya miaka miwili asikalishwe mbele ya kioo kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Ushauri huo ulikuwa mezani kwangu. Hata hivyo, binti yangu mdogo nilimwachia simu kutwa nzima, nipate nafasi ya kuandika juu ya watoto wa wenzangu.

Tulipokuja likizo hapa Mtinko, alijua nyimbo nyingi, ila bibi yake alipomwuliza jina hakuinua hata macho. Mama hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, mtoto huyu amezoea kusemeshwa, hajazoea kujibiwa." Niliona aibu. Kwa wiki tatu alimweka karibu naye akipepeta uwele: bibi anauliza, mtoto anakosea, bibi anarudia. Siku ya kuondoka, maswali ya mtoto yalitushinda sote.

Basi maoni yangu ni haya. Tununue vishikwambi vichache, watoto watatu kwa kimoja, wapate kubishana na kusaidiana. Fedha itakayobaki imlipe mwalimu msaidizi wa darasa hilo, ili kila mtoto apate mtu wa kumjibu.

Nanyi vijana, msiidharau kazi hii. Anayekaa mkekani na mtoto wa miaka mitano ndiye anayemwandaa mwanafunzi wa kidato cha kwanza. Hilo ndilo jibu nililokuwa nadaiwa na wenzangu.