KUMWENDEA BARISTA PASIPO SOLISITA

Wasikilizaji wetu, leo twapenda kunena habari za mawakili wa Uingereza, maana wako ndugu zetu wengi wakaao huko, na mtu akipatwa na daawa ugenini huona giza mchana.

Kwetu Kenya na Tanzania wakili ni mmoja: akuandikiaye barua ndiye awezaye kukutetea mbele ya hakimu. Katika Uingereza na Wales kazi hii imegawanyika tangu zamani. Solisita humpokea mwenye daawa, hukusanya hati na mashahidi, na kupeleka karatasi kortini. Barista hueleza sheria na kusema mbele ya hakimu. Ndiye yule ambaye katika korti nyingine huvaa nywele za bandia. Zamani mtu wa kawaida hakuweza kumfikia barista ila kwa mkono wa solisita, akawalipa wote wawili. Mwaka 2004 mlango ulifunguliwa, na sasa aweza kumwendea mwenyewe, mradi barista huyo awe amefunzwa kazi hiyo na kupewa idhini.

Fedha hupungua, ni kweli. Lakini tutazame hatari yake.

Tuseme mtu anadaiwa deni asilolikubali. Karatasi za madai zimemfikia, naye ana siku 14 za kujibu. Amwendea barista, wapatana ujira, na barista amwandikia utetezi mzuri sana. Yule bwana afurahi, aukunja, auweka sandukuni, akingoja siku ya kuitwa. Siku zapita. Mdai aomba hukumu, naye aipata, bila neno moja la ule utetezi kusomwa. Je, barista amekosa? La. Asipokuwa na idhini nyingine ya kuendesha daawa, idhini ambayo si wote walio nayo, kupeleka karatasi kortini si kazi yake. Kazi ya solisita haikupotea. Ilimwangukia mwenye daawa, wala hakujua.

Kadhalika barista haruhusiwi kukuwekea fedha zako. Ada za korti utazilipa mwenyewe. Na mtu maskini astahiliye kulipiwa wakili na serikali kwa kawaida hapiti njia hii: hana budi kumwendea solisita, na barista yampasa amwambie hivyo. Tena akiona kwamba daawa ni nzito, na mwenyewe hawezi kuichukua, yampasa aikatae. Tusimdhanie kuwa ana kiburi.

Kabla ya kazi kuanza barista hutoa barua ya mapatano, yenye kueleza atakalofanya, asilofanya, na malipo yake. Isomeni polepole, na asiyejua Kiingereza vema asomewe na mtu amwaminiye. Hasa tafuteni mahali palipoandikwa ni nani atakayepeleka karatasi kortini. Jina likiwa lenu, shikeni kalenda siku iyo hiyo.