Kutoka Antiokia hadi Bukumbi: Nafasi ya Muumini wa Kawaida katika Kukua kwa Kanisa

 

1.0 Utangulizi

Nimepewa kuzungumzia jinsi jumuiya ya kwanza ya Kikristo ilivyokua na kuwafikia watu wa nje. Nitaieleza mada hii kwa kutazama ziwa letu, Viktoria, maana yaliyotokea Antiokia yalitokea tena katika mwambao huu. Hoja yangu ni moja: Kanisa lilienea pale muumini wa kawaida alipoona kuwa kumfundisha jirani ni wajibu wake mwenyewe.

2.0 Jumuiya ya Mitume

Matendo ya Mitume, sura ya 2, inataja mambo manne: mafundisho ya mitume, ushirika, kuumega mkate na sala. Waumini walikutana majumbani na kushirikiana mali. Walipoongezeka, malalamiko yakazuka juu ya wajane waliosahauliwa katika huduma ya kila siku (sura ya 6). Mitume hawakuyanyamazisha. Waliitaka jumuiya ichague watu saba, na kazi ikasonga mbele.

Baada ya Stefano, mmoja wa hao saba, kuuawa, waumini walitawanyika, lakini mitume walibaki Yerusalemu (sura ya 8). Hao waliotawanyika ndio waliohubiri. Watu wa Kipro na Kirene, ambao hata majina yao hayakuandikwa, waliwapelekea Wagiriki wa Antiokia Habari Njema. Barnaba alitumwa na Kanisa la Yerusalemu baadaye, akaikuta jumuiya tayari ipo (sura ya 11). Na Apolo, msemaji hodari, aliongezewa elimu na Prisila na Akila, mke na mume waliokuwa mafundi wa mahema (sura ya 18).

3.0 Habari Njema ziwani

Waanglikana wa shirika la kimisionari la CMS walifika Kageye, kusini mwa ziwa, mwaka 1877. Desemba ya mwaka huohuo viongozi wawili wa msafara, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa Ukerewe. Mwishoni mwa 1878 Wamisionari wa Afrika, yaani Mapadre Weupe, nao walifika Kageye, na mwaka 1879 wakavuka ziwa kwenda Buganda.

Mwaka 1882 mapadre hao waliondoka Buganda kwa kuhofia usalama wao. Walirudi kusini na yatima waliokuwa wakiwalea, wakaanzisha misheni ya Kamoga, Bukumbi, mwaka 1883. Buganda ikabaki bila padre hadi 1885. Katika miaka hiyo waumini hawakupungua, waliongezeka. Yosefu Mukasa Balikuddembe aliwafundisha vijana wa ikulu ya mfalme wa Buganda. Noe Mawaggali, mfinyanzi wa Mityana, aliwafundisha majirani zake. Wote wawili walikufa mashahidi, Mukasa mwaka 1885 na Mawaggali mwaka 1886.

Mwaka 1888 wamisionari walifukuzwa Buganda. Wakatoliki walikimbilia Bukumbi, Waanglikana Usambiro, ambako Alexander Mackay alifariki mwaka 1890. Kufukuzwa huko kukawa mwanzo wa kazi mpya upande wetu wa ziwa.

Bukoba inatufundisha jambo hilohilo. Wahaya waliosoma dini Buganda walikuwa wakikusanyika na kusali kabla misheni ya Kijerumani ya Betheli haijafika mwaka 1910. Katika jamii hiyo alizaliwa Askofu Josiah Kibira, ambaye mwaka 1977 alikuwa Mwafrika wa kwanza kuliongoza Shirikisho la Kilutheri Duniani.

4.0 Malezi yaliyozaa walimu

Bidii hiyo ilikuwa na msingi. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadre Weupe, aliagiza ukatekumeni, yaani mafunzo ya kabla ya ubatizo, wa miaka minne, kwa kufuata desturi ya Kanisa la karne za kwanza. Wengi waliona muda huo ni mrefu mno. Hata hivyo, mtu aliyeupitia wote aliweza kueleza imani yake na kuisimamia peke yake. Ndiyo maana jumuiya iliyokosa padre haikufa.

5.0 Hali yetu leo

Maaskofu Wakatoliki wa AMECEA, umoja wa mabaraza yao katika Afrika Mashariki, waliazimia katika miaka ya 1970 kuzifanya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo kuwa msingi wa uchungaji, yaani kurudi kwenye Kanisa la majumbani. Lakini tuseme ukweli: jumuiya zetu nyingi zimebaki na akina mama na wazee, na mkutano unatawaliwa na michango. Katekista anahudumia vigango kadhaa bila nauli wala mafunzo ya kutosha. Hayo ndiyo malalamiko ya wajane wa leo, nasi tuyajibu kama mitume walivyofanya, kwa kugawana kazi.

Tazameni pia mialo yetu. Wavuvi wa dagaa huvua usiku wa giza na hupumzika wakati wa mbalamwezi. Huhama kisiwa hadi kisiwa wakifuata samaki. Ratiba ya parokia inayohesabu Jumapili peke yake haiwezi kuwapata.

6.0 Mapendekezo

(a) Kila parokia au usharika utenge fungu la kudumu kwa ajili ya mafunzo na nauli za makatekista na wainjilisti.

(b) Jumuiya za mwambao zipange ziara za mialoni kwa kufuata mwezi, na zimtafute mwalimu miongoni mwa wavuvi wenyewe.

(c) Mafundisho ya ubatizo yasifupishwe kwa ajili ya kuongeza idadi. Kila anayebatizwa aweze kumfundisha mwingine.

7.0 Maswali ya majadiliano

1. Kama jumuiya yako ingekosa padre au mchungaji kwa miaka mitatu, ni nani angefundisha, na angefundisha nini?

2. Ni kundi gani katika eneo lako linalosahauliwa katika huduma ya kila siku?

3. Ni watu gani saba mnaoweza kuwakabidhi kazi hiyo kabla ya mwezi huu kwisha?

Naomba kila kundi lijibu swali la tatu kwa kuandika majina.