Kahawa Iachwe Chungu

Leo nataka kutetea kitindamlo cha Kijapani ambacho ukikitaja mbele ya watu wa kwetu, wengi hukunja uso: kahawa iliyogandishwa ikakatwa vipande, juu yake maharage mekundu yaliyopikwa kwa sukari, vyote vikaliwa baridi. Najua utaniambia maharage ni mboga, yanakwenda na ugali au wali. Utaniambia pia kahawa inanywewa, hailiwi. Nitajibu yote mawili, lakini neno langu hasa leo ni juu ya sukari na mahali pake.

Tuanze na maharage. Wajapani wana maharage madogo mekundu yaitwayo azuki, na mengi hulimwa Hokkaido, kisiwa chao cha kaskazini. Kwa ukoo wa mimea, azuki ni ndugu wa choroko na kunde, na maharage yetu ya kawaida ni ukoo wa mbali. Undugu huo Wajapani wenyewe wanautumia jikoni. Wana wali mwekundu wa sherehe, sekihan, unaopikwa kwa azuki. Lakini upande wa Tokyo wapo wanaotia kunde badala yake. Inasimuliwa kwamba azuki ikiiva hupasuka tumbo, na samurai wa zamani hawakutaka kuona kitu kilichopasuka tumbo kwenye sinia la furaha, kwa kuwa wao walijiua kwa kujipasua matumbo wakitaka kulinda heshima. Kunde haipasuki upesi, basi kunde ikapata kazi.

Azuki ikipikwa kwa sukari inakuwa anko, na anko Japani iko kila mahali: ndani ya mikate, ndani ya vitumbua vya mchele, juu ya barafu iliyosagwa. Mjini Nagoya, ukienda mkahawani asubuhi, utapewa mkate wa kuchoma uliopakwa siagi na anko, pembeni kikombe cha kahawa. Kwa hiyo kahawa na maharage vilikwishazoeana huko kabla mimi na wewe hatujaanza kubishana.

Kuhusu kula kahawa, wazo hilo halikuzaliwa Japani. Vitabu vya mapishi vya Uingereza vya mwanzoni mwa karne ya 19 tayari vilikuwa na jeli ya kahawa. Waingereza wakaiacha, Wajapani wakaishika. Mwaka 1963, mkahawa wa Mikado katika mji wa milimani wa Karuizawa, ambako watu wa Tokyo hukimbilia wakati wa joto, ulianza kuiuza kama kahawa ya kula. Leo ipo hata kwenye maduka madogo ya mitaani, ndani ya vikombe vya plastiki.

Na kahawa yenyewe huenda imetoka kwetu. Kule Japani, kanuni za wauzaji zinasema kwamba pakiti ikiandikwa Kilimanjaro, ndani iwe arabika ya Tanzania, ya mkoa wowote isipokuwa Bukoba. Mkulima wa Mbinga au wa Mbozi, ambaye pengine mlima ule hajawahi kuuona, kahawa yake ikifika Tokyo inaitwa Kilimanjaro. Wanywaji wa kule wanaipenda kwa ukali wake unaokaribia uchachu. Kwa kazi yetu ya leo, tafuta iliyokaangwa hadi ikawa nyeusi, maana baridi hupunguza ladha, na kahawa hafifu ikigandishwa inakuwa maji yenye rangi.

Sasa jikoni. Chukua robo kilo ya azuki. Ukikosa, kunde nyekundu zitafaa. Osha, tia maji, chemsha dakika chache, kisha mwaga maji yale yote. Maji ya kwanza ndiyo yenye ukakasi. Tia maji mapya, punguza moto, pika taratibu mpaka punje ukiibana kwa vidole viwili isambaratike bila kubisha. Inaweza kuchukua saa nzima, inaweza kuzidi. Hapo ndipo sukari inapoingia, gramu 200, wala usiitie kabla. Sukari huvuta maji kutoka ndani ya punje, na punje ambayo haijaiva ikikutana nayo hukakamaa, ukiongeza kuni hazikusaidii. Itie kwa mafungu mawili au matatu, ukikoroga polepole. Umalizie na chumvi kidogo sana, ya kuuzindua utamu. Pitisha mwiko katikati ya sufuria: ukiona njia yake inabaki wazi kidogo kabla ya kujifunga, epua. Usingoje ikauke, kwa sababu ikipoa itakaza zaidi.

Kugandisha kahawa kunataka agari, unga unaotokana na mwani. Watengeneza faluda wa Mombasa wanaifahamu vizuri. Mimi naichagua kuliko jelatini kwa mambo mawili. Jelatini hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, na mgeni wako atataka kujua ni mnyama gani. Agari haina swali hilo. La pili ni joto letu. Jelatini huanza kulegea mezani ukiwa bado unagawa vijiko, ilhali agari ikishaganda haiyeyuki mpaka ifikie nyuzi 80 na kitu, na kuganda kwenyewe haingoji friji. Lakini nawaonya wasikilizaji wa Unguja: mwani ule wanaoulima akina mama wa Paje na Jambiani ni wa aina nyingine. Huo hutoa karajinani, ambayo viwanda hutia kwenye aiskrimu na dawa ya meno. Usiuchemshe ukitegemea agari.

Koroga gramu 4 za agari, yaani vijiko vidogo viwili vya kusawazisha, kwenye kikombe kimoja cha maji baridi. Chemsha ukikoroga kwa dakika mbili kamili. Kisha mimina ndani yake kahawa nzito ya moto, vyote pamoja vifike nusu lita. Kahawa usiichemshe tena, harufu itakwenda na mvuke. Wala isiwe baridi, maana agari itashtuka na kuganda madonge madonge. Mimina kwenye sinia, acha ipoe, iweke kwenye friji, halafu kata vipande vya mraba. Weka bakulini, teka kijiko cha maharage juu, mwagia krimu kidogo, au tui zito la nazi kama unalo.

Umeona kuwa ndani ya kahawa sikutia sukari. Hapo ndipo ninaposimama. Wapo Wajapani wanaotia kidogo, siwalaumu. Lakini sisi tumefika mahali ambapo chai, uji, juisi na maziwa vyote vina ladha moja, ladha ya sukari, na mtoto akipewa kitu kisicho nayo anasema kimeharibika. Wazee wa baraza, Lamu hadi Unguja, hawakuwa hivyo. Muuza kahawa aliwamiminia kahawa chungu kwenye kikombe kidogo, na utamu ulikuja peke yake, kwa kashata au kipande cha halua. Kila kimoja kilijulikana mdomoni kwa jina lake. Bakuli hili la Kijapani linafuata desturi ileile. Uchungu unakuja kwanza, maharage yanaupoza, na kijiko kinachofuata unakitaka kwa sababu kile kilichopita hakikukukinaisha. Ukitia sukari kwenye kahawa pia, umeua kazi ya maharage, na hapo yule aliyesema maharage ni mboga atakuwa amekushinda kwa haki.

Jaribu mwisho wa wiki hii. Pika maharage siku ya kwanza, gandisha kahawa kesho yake asubuhi. Na mgeni akionja kahawa, akauliza sukari iko wapi, msogezee maharage.