Kijana Mwenye Usonji Asifichwe Kibandani

(Mazungumzo kwa wakazi wa kambi waliotoka Mocímboa da Praia)



Leo tunazungumza juu ya vijana wenye usonji. Hospitalini mtasikia ikiitwa kwa Kireno autismo. Wengi wenu mnawajua. Ni yule kijana wa miaka 19 au 20 ambaye haitiki akiitwa, anayepita njia ile ile kila siku, anayeziba masikio kinu cha kusaga kikiwashwa. Mwingine huzungumza jambo moja tangu asubuhi hadi jioni. Watu husema ana shetani, au mama yake alivunja mwiko. Si kweli. Mtu huzaliwa na hali hii, na haiambukizi. Hata Ulaya na Marekani madaktari waliwahi kuwalaumu kina mama, hasa miaka ya 1950 na 1960, kisha wakaliacha wazo hilo kwa kuwa halikuwa na ushahidi.

Ila tutofautishe jambo moja. Dalili za usonji huanza utotoni. Kijana aliyekuwa akizungumza vizuri, akanyamaza baada ya mashambulizi ya Oktoba 2017 au ya mwaka 2020, huyo huenda ana jeraha la vita moyoni. Mpelekeni kituo cha afya. Na mwenye usonji naye anaweza kuwa na jeraha hilo hilo.

Nyumbani Mocímboa kijana huyu alikuwa na njia zake. Alijua pwani samaki wanakoteremshwa, alijua duka, alijua msikiti. Wavuvi walimzoea. Mji ulipotekwa tarehe 12 Agosti 2020, vyote hivyo vilimponyoka. Hapa kambini majirani hawamjui. Wazazi wanamfungia ndani, na wengine, tuseme wazi, wanamfunga kamba. Hofu yao ina sababu. Kijana akitangatanga usiku mpaka kwenye kizuizi cha askari, akaambiwa asimame naye asijibu, anaweza kudhaniwa ni mmoja wa wale wa msituni.

Lakini kamba haimlindi siku atakayoifungua. Kinachomlinda ni kujulikana, na hawezi kujulikana kama hatoki. Kwa hiyo mtafutieni kazi moja miongoni mwa watu, ndogo, ya kila siku, saa ile ile na mahali pale pale. Kusuka ukili kunawafaa wengi, kwa sababu mkono hurudia mwendo mmoja na macho huona kazi inavyokua. Kutengeneza nyavu vilevile. Wengine wanapenda kumwagilia bustani, au kupanga ndoo kwenye foleni ya maji. Angalieni anachokipenda mwenyewe, msimchagulie kwa kuwa jirani amefanya hivyo.

Namna ya kumfundisha ni hii. Siku za kwanza akae tu aangalie, asilazimishwe. Kisha igawe kazi vipande. Katika nyavu, kwa mfano, aanze kwa kujaza uzi kwenye sindano, basi. Akishazoea, afunge fundo moja, na wewe umalize tundu lililobaki. Mwonyeshe kwa mkono, maneno yawe machache. Ukisema "kaa vizuri, fanya haraka, angalia mwenzako" kwa pumzi moja, hatashika hata moja. Asiyesema achorewe kwa mkaa juu ya ubao: ndoo, wavu, chakula, kulala. Akimaliza jambo, alifute.

Makelele na msongamano humwumiza kweli, si deko. Siku ya mgao wa chakula mwombeni chefe wa bairro aitwe mapema, au ndugu yake ampokelee. Akianza kupiga kelele, watu wasimzunguke. Msogezeni kivulini mpaka atulie.

Mpitisheni pia kwa walinzi na askari mchana, mara nyingi, wamwone sura na wajue jina lake. Askari wengi wa Rwanda wanasikia Kiswahili; kwa wengine chefe azungumze Kireno. Avae kamba ya shingoni yenye karatasi ya jina lake na namba ya kibanda.

Msichana asiachwe peke yake na mtu asiyemjua vizuri, kwani wako wanaomtamani kwa sababu hawezi kushtaki. Afanye kazi katika kundi la kina mama. Mkeka wake ukiuzwa, fedha apewe yeye mkononi, ahesabu.

Mwisho, wanaojiandaa kurudi. Mji ulirudishwa mikononi mwa serikali Agosti 2021, na watu wengi wamesharudi. Msimshtukize kijana siku ya safari. Anzeni siku nyingi kabla: mchoreeni gari, njia na nyumba, na mwambieni wazi kama nyumba ile iliungua. Sindano yake ya nyavu na mkeka aliouanza aende navyo mwenyewe, visipakiwe kwenye mizigo.